Kununua gari la spoti lililotumika: kagua haya kabla ya kutoa pesa

Nilikanyaga breki, kanyagio likazama mpaka sakafuni. Ilikuwa Jumamosi, mzunguko wa tano, kwenye lami iliyofungwa ambako klabu moja ya magari ilikuwa imetualika tujaribu mwendo bila kuhatarisha watu barabarani. Mbele yangu kulikuwa na kona ya kushoto. Nilipampu breki mara mbili, nikashusha gia, gari likatoka nje ya lami na kusimama kwenye nyasi.

Hakuna aliyeumia. Fundi wa klabu alipofungua mafuta ya breki, yalitoka meusi kama kahawa. Akaniuliza, "Baba Salma, haya yalibadilishwa lini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimenunua gari lile miezi miwili nyuma, na sikuwahi kuuliza.

Kilichoninyima usingizi usiku ule ni kwamba Jumatatu asubuhi gari hilo hilo lilitakiwa kupeleka wanangu wawili shule, kutoka Likoni, kwa feri, hadi kisiwani. Mwezi uliofuata injini nayo ilianza kunywa maji, na sehemu kubwa ya akiba ya karo ikaishia gereji.

Tangu hapo nimebadilisha magari mawili, na vijana wengi wa Mombasa na Kwale huniuliza maswali yale yale. Nimeyaandika hapa majibu, kwa anayetaka gari moja la kwenda nalo kazini Jumatatu hadi Ijumaa na la kuchezea uwanjani mara chache kwa mwaka.

Anza na kazi ya gari

Wengi huanza kwa kuuliza gari lina nguvu za farasi ngapi. Wewe anza kwa kuhesabu siku zako. Ukienda uwanjani mara nne kwa mwaka, zinabaki siku zaidi ya 360 za foleni ya feri, matuta, mvua ya Mei na jua la Januari. Gari linalokuudhi siku hizo utaliuza kwa hasara.

Kumbuka pia umbali. Kenya hatuna saketi ya lami ya kiwango cha kimataifa kama Kyalami ya Afrika Kusini. Wapenzi wa mwendo hukutana kwenye mashindano ya kupanda mlima kwa kupimwa saa, kama Kiamburing kule Kaunti ya Kiambu, ambako barabara hufungwa, au kwenye autocross, ambayo mara nyingi huwa ya vumbi. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480. Ina maana gari lako litasafiri karibu kilomita 1,000 kwenda na kurudi ili lichezwe dakika chache. Gari lisiloweza kupanda Mazeras, kupita Voi na Mtito Andei kwenye joto na kurudi salama halikufai, hata likiwa na mbio kiasi gani.

Kwa hivyo mimi hutafuta vitu vitatu: uzito mdogo, historia inayojulikana na vipuri vinavyopatikana. Gari jepesi hula tairi kidogo, hupasha breki joto kidogo na hutumia petroli kidogo.

Kuagiza Japani au kununua hapa

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza mwenyewe kupitia bandari ya Kilindini. Gari lazima liwe la usukani wa kulia, lisizidi umri wa miaka 8 kwa mujibu wa kanuni za KEBS, na likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Ushuru wa KRA hauhesabiwi kwa bei uliyomlipa muuzaji. KRA ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, kisha hupunguza thamani kulingana na umri. Ukinunua kwa bei ya chini Japani, ushuru haushuki.

Angalia pia ukubwa wa injini. Ushuru wa bidhaa hupanda injini ikizidi cc 1,500, na kwa petroli hupanda tena ikizidi cc 3,000. Hapa magari madogo ya spoti humsaidia mnunuzi, kama nitakavyoeleza mbele.

Njia ya pili ni kununua gari ambalo tayari lina namba za Kenya. Hapa utapata magari ya zamani ambayo sasa hayawezi kuagizwa kwa sababu ya umri. Faida ni kwamba unaliona, unaligusa na unaliendesha kabla ya kulipa. Hasara ni kwamba limepitia mikono mingi, na huku Pwani limepitia chumvi.

Soma karatasi ya mnada

Magari mengi ya mitumba hutoka kwenye minada ya Japani, na kila gari huwa na karatasi ya ukaguzi. Mwombe muuzaji karatasi hiyo, kisha uilinganishe na namba ya chesisi. Kama hana, mwombe namba ya chesisi, kwa kuwa kuna huduma za kulipia zinazoweza kukutafutia rekodi ya mnada.

Daraja la 4 au 4.5 huwa ni gari zuri lililotumika. Daraja la 3.5 lina makovu ya kawaida. Ukiona R au RA, elewa kuwa gari liligongwa na kurekebishwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyotengenezwa, S ni kutu, na XX ni sehemu iliyobadilishwa.

Karatasi hiyo pia itakuonyesha kilomita za siku ya mnada. Gari langu la kwanza lilisoma kilomita chache kwenye dashibodi, lakini mpira wa kanyagio la klachi ulikuwa umelika ukabaki chuma na ubavu wa kiti cha dereva umepasuka. Nililiona hilo na nikajidanganya. Usukani, viti na kanyagio havirudishwi nyuma kirahisi kama namba za dashibodi.

Ukaguzi wa gari lenyewe

Nenda asubuhi, mchana, jua likiwa kali. Usikague gari usiku wala likiwa limeloweshwa maji. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika gusa boneti. Ikiwa moto, huenda kuna jambo analolificha kwenye kuwaka.

*Bodi.* Tazama nafasi kati ya milango, boneti na bampa. Zikiwa hazilingani, uliza. Angalia bolti za boneti na za milango. Rangi ikiwa imebanduka kwenye vichwa vyake, ziliwahi kufunguliwa. Inua zulia la buti utafute mikunjo ya bati. Beba sumaku ndogo: isiposhika kwenye bati la chuma, chini ya rangi kuna pati.

*Chini.* Lipandishe kwenye jeki au shimo la gereji. Sisi tulio karibu na bahari tuna adui wa pekee. Chumvi hula mabomba ya breki, kingo za chini ya milango na mahali shoki zinapofungwa. Ukiona rangi nyeusi mpya imepakwa chini nzima, ikwaruze kidogo kwa bisibisi. Mara nyingi rangi hiyo imefunika kutu.

*Injini.* Fungua kifuniko cha oili. Ute mweupe kama maziwa ni dalili ya maji ndani ya oili. Washa: moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweupe usiokoma ni maji, mweusi ni petroli iliyozidi. Fundi apime kompresheni ya kila silinda. Tofauti kati ya silinda na silinda ikizidi asilimia 10, acha au omba bei ishuke sana. Kisha aunganishe mashine asome kompyuta ya gari. Ikiwa hakuna hitilafu yoyote na kumbukumbu zimefutwa siku hiyo hiyo, uliza kwa nini zilifutwa.

*Barabarani.* Panda gia ya tatu mwendo ukiwa mdogo, kanyaga mafuta kabisa. Injini ikilia na gari lisiongeze mwendo, klachi imekwisha. Badilisha kutoka ya tatu kwenda ya pili haraka. Ikikwaruza, giaboksi imechoka. Shika breki kwa nguvu mahali salama: usukani ukitetemeka, diski zimepinda.

*Marekebisho.* Likwepe gari lililoongezwa nguvu. Aliyeongeza presha ya turbo kwa bei rahisi hakuongeza ubaridi wala oili bora. Ekzosi ya kelele na springi zilizokatwa ni alama za namna lilivyotunzwa. Springi fupi pia zitakutesa: ngazi ya feri ya Likoni imeng'oa bampa nyingi, na matuta yetu hayana huruma. Gari ambalo halijaguswa lina thamani zaidi hata likiwa ghali kidogo.

Magari ninayoulizwa zaidi

*Subaru Impreza WRX.* Hili ndilo gari langu la kwanza. Lina nafasi ya familia, vipuri vipo na mafundi wanalijua. Lakini injini yake ya EJ20 yenye turbo haipendi oili chafu wala oili pungufu. Ina mkanda wa taiming, na ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Bila ushahidi wa lini mkanda ulibadilishwa, uhesabu kama haujabadilishwa. Pima oili kila wiki, na uwanjani kila baada ya mzunguko wa kucheza.

*Toyota 86 na Subaru BRZ.* Ni gari moja lenye majina mawili, lilitoka mwaka 2012. Injini ni lita 2.0 bila turbo, nguvu kama farasi 200, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Ni mwalimu mzuri wa uwanjani. Viti vya nyuma vinatosha watoto wadogo tu. Magari ya mwaka 2012 na 2013 yaliitwa na watengenezaji yabadilishwe springi za valvu. Kazi hiyo inahitaji injini itolewe na kufunguliwa, na gundi ya kuzibia ikipakwa kupita kiasi inaweza kuziba njia ya oili. Uliza kama ilifanywa, na nani, na lini.

*Mazda Roadster, yaani MX-5.* Toleo lililotoka 2015 lina uzito wa karibu tani moja, na Japani la paa la kitambaa huja na injini ya lita 1.5, kwa hiyo liko chini ya ule mstari wa ushuru. Breki na tairi zake hudumu. Ila lina viti viwili tu. Magari ya mwanzo ya toleo hili yalijulikana kwa udhaifu wa giaboksi, hivyo sikiliza gia ya pili vizuri.

*Suzuki Swift Sport.* Toleo la kuanzia 2017 lina injini ya lita 1.4 yenye turbo, na lenye gia za mkono lina uzito wa kilo 970. Milango ya abiria minne, buti ya kubeba mboga, na mtu akiliona kwenye foleni ya feri hageuki. Hili ndilo ninaloendesha sasa. Halina sifa za vijiweni, lakini Salma anafika shule na mimi nafika uwanjani.

*Mazda RX-8.* Bei yake huwavutia wengi. Injini yake ni ya kuzunguka, haina pistoni za kawaida. Huchoma oili kwa maumbile yake, na sili zake zikichoka gari hukataa kuwaka likiwa moto. Kuipima kompresheni kunahitaji kifaa maalumu. Kama huna fundi anayeijua injini hiyo mjini kwako, liache.

Breki, tairi na mafuta

Nirudi kwenye yale mafuta meusi, kwa sababu hili ndilo jambo linaloweza kuua na ndilo la bei ndogo zaidi.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Pwani ina unyevu mwingi. Kiwango cha DOT 4 kikiwa kipya hakitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230. Kikishanyonya maji, kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155. DOT 3 huanza na 205 na kushuka hadi 140. Uwanjani breki hupata joto kali sana. Mafuta yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubonyea. Ndiyo maana kanyagio lilizama. Barabarani mjini nisingelijua mpaka siku ya dharura.

Kwa hivyo, siku ya kwanza ya kununua gari, badilisha mafuta yote ya breki, ya injini na ya giaboksi, na maji ya rejeta. Usiamini neno la mtu. Kabla ya kila siku ya uwanja, badilisha ya breki tena kama yamepita miezi sita. Tafuta pedi zinazohimili joto lakini zinazoshika zikiwa baridi pia, kwa sababu pedi za mbio halisi hazishiki vizuri asubuhi kwenye foleni.

Tairi zina tarehe ubavuni. Namba nne kama 2319 zina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mengi lakini ya miaka minane ni mpira mgumu tu. Nunua nne za aina moja. Mbili mpya mbele na mbili za mitumba nyuma ni njia ya haraka ya kuzungushwa kwenye mvua.

Uwanjani, toa kila kitu kwenye buti, kaza nati za magurudumu kwa kipimo, na upime upepo wa tairi zikiwa baridi na tena zikiwa moto. Mzunguko wa kwanza ni wa kupasha, wa mwisho ni wa kupoza. Ukisimama, usivute hendibreki breki zikiwa moto. Weka gia na uzuie gurudumu kwa jiwe. Na kabla ya kurudi nyumbani, kagua pedi na tairi tena. Safari ya kurudi ndiyo ndefu.

Bima na stakabadhi

Soma sera yako ya bima. Bima kubwa za kawaida huwa na kifungu kinachoondoa mashindano na majaribio ya mwendo. Ukiharibu gari uwanjani, hasara ni yako. Ukibadilisha kitu kwenye gari bila kuwaarifu, unaweza kunyimwa fidia hata ukigongwa mjini. Usiende uwanjani na gari ambalo bado unadaiwa.

Kabla ya kulipa, tafuta rekodi za gari kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen. Jina la muuzaji lifanane na kitambulisho chake. Jina la benki likiwa ndani, gari lina mkopo. Linganisha namba ya chesisi na ya injini kwa macho yako. Umiliki uhamishwe mtandaoni wakati wa kulipa, si "wiki ijayo". Broka akikwambia kuna mteja mwingine njiani na pesa taslimu, mwache mteja huyo alinunue.

Hesabu yangu

Kanuni ninayoitumia sasa ni hii: kwa kila shilingi 100 nilizonazo, 75 ni za kununua gari, 25 hazitoki nyumbani. Hizo ndizo za mafuta, pedi, tairi, mkanda na yale yatakayojitokeza miezi mitatu ya kwanza. Nilipomaliza pesa zote kwenye bei ya WRX, sikubakiwa na ya kubadilisha chupa moja ya mafuta ya breki.

Mlipe fundi wako asiyefahamiana na muuzaji aje nawe. Ada ya nusu siku yake ni ndogo kuliko gasketi moja. Fundi wangu wa Changamwe amenikataza magari matatu tangu siku ile. Moja lilikuwa jekundu, limeng'aa, na nilikuwa tayari nimeshatoa simu nitume pesa. Alilala chini yake dakika mbili, akainuka akijipangusa mchanga, akasema, "Baba Salma, hili utapanda na watoto?"

Nikairudisha simu mfukoni, tukapanda matatu kurudi.